Onyesho la jukwaani kwa watoto 300, uwanja wa shule, Tanga: naomba mnikosoe kabla ya matangazo

Mwambao_TG

Wakuu, habari za humu. Kikundi chetu cha vijana hapa Tanga mjini kinaandaa onyesho la watoto wa kata, miaka 4 hadi 13, mwishoni mwa Juni shule zikiwa zimefungwa. Tunazo ngoma tatu, waigizaji sita, mtambaji wa hadithi mmoja, vikaragosi vya mkono, na vijana wanne wa sarakasi. Ukumbi hatuna, tunatumia uwanja wa shule ya msingi. Tunatarajia watoto 300, kiingilio bure. Mpango wa sasa: kuanza saa nane mchana na kumaliza saa kumi na mbili, DJ wa kuchangamsha mwanzo, halafu mgeni rasmi, halafu onyesho. Nisaidieni kwenye mpangilio, sauti, vibali, na yale ambayo watu husahau.

Msuka_Hadithi

Mkuu, kuwakalisha watoto muda wa saa nne nzima ni mambo ya harusi. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 humpati zaidi ya dakika 30 mfululizo. Wa 7 hadi 9 anafika dakika 45, na wa 10 kwenda juu anakaa saa nzima ikiwa mambo yanabadilika mbele yake. Ukiwachanganya wote, kwenye dakika ya 35 wadogo wanaanza kuzurura, wakubwa wanawageukia, na hapo mwigizaji hata apaze sauti vipi hasikilizwi tena.

Gawa siku. Asubuhi saa tatu na nusu wadogo, 4 hadi 7, dakika 30: hadithi, vikaragosi, wimbo mmoja wa kuitikia. Alasiri saa kumi na robo wakubwa, 8 hadi 13, dakika 55: ngoma, igizo, na sarakasi mwisho. Sarakasi usiiweke katikati hata wakikubembeleza. Watoto wakishaona mtu anapinduka hewani, hawarudi kwenye maneno.

Kikaragosi cha mkono kina urefu wa sentimita 30 hivi. Mtoto aliyekaa zaidi ya mita 8 anaona kitambaa kinatikisika tu. Kwa hiyo wadogo wasizidi 100 kwa mkupuo. Wakizidi, rudia onyesho saa nne na nusu, kwani kurudia dakika 30 hakuwachoshi wachezaji kama kupigana na umati usioona kitu.

DJ mwondoe kabisa. Mtoto aliyeruka nusu saa kwa muziki wa spika hawezi kutulia asikilize mtu mmoja anasimulia, na nyimbo nyingi za sasa maneno yake si ya umri huo. Wakati watoto wanaingia, piga ngoma moja taratibu, iongezeke kidogo kidogo, kisha inyamaze ghafla. Ukimya huo ndio unaomfungulia mtambaji wa hadithi mlango. Akisema "Hadithi hadithi!" uwanja mzima utamjibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!", na ameshawashika.

Mgeni rasmi azungumze na wazazi baada ya onyesho, pembeni, watoto wakinywa maji. Hotuba ya dakika 20 kabla ya onyesho inakula utulivu wote uliokuwa nao.

Mambo mawili zaidi. Kama mna zimwi lenye barakoa, mwigizaji aivae mbele ya watoto, aivue, aivae tena. Barakoa ikitokea ghafla mtoto mmoja wa miaka minne atalia, na kilio huambukiza safu nzima. Pili, mwigizaji asiulize "Nani anataka kuja hapa mbele?" Watakuja wote. Aende mwenyewe kwenye mkeka, awashike mkono wawili au watatu, arudi nao.

FundiMitambo

Naunga mkono kugawa, ingawa kwa wakubwa naona 200 kwa mkupuo mmoja inawezekana bila shida ukipanga ardhi vizuri.

Usijenge jukwaa la juu. Watoto wakikaa chini, jukwaa la mita moja linawafanya safu za mbele wavunje shingo na wasione miguu ya wacheza ngoma. Tumia ardhi tambarare, eneo la kuchezea upana mita 7, kina mita 5. Watoto wakae nusu duara: safu nne au tano za mikeka mbele kwa wafupi, nyuma yao safu mbili za mabenchi ya shule kwa warefu, watu wazima wasimame nyuma kabisa. Kila mtoto aliyekaa chini anahitaji nusu mita ya mraba. Mkeka wa mita 2 kwa 3 unabeba 12. Acha njia ya mita moja na nusu katikati na pembeni, la sivyo mtoto anayetaka chooni atakanyaga wenzake ishirini. Mpaka wa jukwaa uchore kwa chokaa. Kamba wanaivuta na kuikwaa.

Mwelekeo ni muhimu kuliko spika. Kwa onyesho la alasiri, jukwaa likae upande wa mashariki, watoto walipe jua mgongo. Kwa Tanga unapata faida nyingine: saa hizo upepo unatoka baharini, na kusi ya Juni inatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo sauti inabebwa kutoka jukwaani kwenda kwa watoto. Ukigeuza, upepo unairudisha na utadhani spika ni mbovu. Asubuhi jua linatoka huko huko mashariki, kwa hiyo vikaragosi vihamie chini ya mwembe au mwarobaini, watoto wakitazama magharibi.

Pazia la nyuma upepo huo huo utalibeba kama tanga. Lisiguse ardhi, acha sentimita 30 chini, likate vipenyo vichache, na kila nguzo ifungwe kwenye mfuko wa mchanga wa kilo 25 au zaidi.

Sauti: spika mbili kwenye stendi, juu mita 2 hivi, ziwe MBELE ya wachezaji. Zikiwa nyuma yao, maiki inasikia spika, spika inarudia maiki, na ndiyo ule mluzi unaotoboa masikio. Maiki moja ya mkononi kwa mtambaji inatosha. Zile ndogo za kubana kwenye nguo zinanasa upepo na msuguano wa kitambaa. Jenereta ya kVA 3 ni zaidi ya kutosha. Iweke mita 30 pembeni, moshi usielekee kwa watu, na waya wa ekstensheni ukunjue wote hata kama ni mfupi unaohitaji, kwa sababu ukibaki umeviringika unapata moto na kuyeyuka. Igizo lijaribiwe pia bila umeme. Likikwama umeme ukikatika, halifai kwa uwanja wa nje.

Sarakasi: fagieni misumari na vigae asubuhi ile ile. Safu ya kwanza ikae mita 2 na nusu kutoka wanaporukia. Magodoro ya kulalia hayafai kwa kutua baada ya kuruka, mguu unazama na kifundo kinateguka. Kama hamna mikeka maalumu ya mazoezi, ondoeni mipinduko ya hewani mbaki na piramidi fupi. Na kupuliza moto kwa mafuta ya taa kusiwepo kabisa. Kesho yake watajaribu nyuma ya nyumba.

Bi_Ratiba

Kwenye vibali, mwanangu, ruhusa ya mdomo ya mwalimu mkuu haitoshi. Shule ya serikali iko chini ya halmashauri. Barua ipite kwa mtendaji wa kata, iende kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, naye atakueleza taratibu za BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) zinazokuhusu. Nakala nyingine ipeleke kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Anza wiki sita kabla, maana sahihi moja ikisafiri na mwenye nayo, wiki inaisha. Ukipiga nyimbo zilizorekodiwa, kuna suala la hakimiliki, waulize COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania). Ngoma zenu za asili hazina mzigo huo.

Saa kumi na robo ni nzuri kwa Tanga, watu wameshaswali alasiri, na watoto wanafika nyumbani kabla ya magharibi. Lakini zunguka kwanza kwenye madrasa za mtaa uulize ratiba. Ukigongana na chuo, watoto hawatakuja, na mwalimu wa chuo atakuwa na haki ya kununa.

Usalama: mtu mzima mmoja kwa kila watoto 10 kwa wadogo, 15 hadi 20 kwa wakubwa, na ajue mkeka wake. Mtoto akipotea usitangaze jina wala nguo zake kwenye maiki, kwa kuwa yeyote anaweza kuja kumdai. Tangaza tu kwamba mzazi anayemtafuta mtoto aende meza ya mapokezi. Huko ndiko atakakotaja jina, umri na alichovaa mtoto. Namba ya simu ya mzazi iandikwe upande wa ndani wa utepe wa mkononi.

Vyoo: kiwango cha shule ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, ila kwa onyesho la saa moja matundu sita yaliyofunguliwa na kusafishwa yanatosha. Weka ndoo zenye koki na sabuni. Pipi na biskuti zisirushwe kamwe, hapo ndipo watoto hukanyagana. Zigawiwe wakati wa kutoka, mmoja mmoja.

Mwambao_TG

Shukrani sana, Bi Ratiba na wakuu wote. DJ ameondoka. Swali la mwisho: kiingilio ni bure, wakija 400 au 500 nifanyeje?

Msuka_Hadithi

Bure isiwe na maana ya wazi. Chapisha kuponi za rangi mbili, za asubuhi na za alasiri, kila moja ina namba. Zigawe kupitia walimu wa madarasa kabla shule hazijafungwa, na kwa wajumbe wa mtaa kwa ajili ya wasiosoma bado. Toa zaidi ya nafasi kwa asilimia 15 hivi, maana kitu cha bure daima kuna wasiotokea. Mlango uwe mmoja, watu wawili, mmoja anapokea kuponi na mwingine anafunga utepe.

Watakaokuja bila kuponi usiwafukuze. Wakae pembeni ya mikeka upande wa kaskazini na mtu mzima wao, wapewe mikeka iliyobaki dakika tano kabla ya kuanza. Kama wadogo wamezidi, hapo ndipo lile la saa nne na nusu linapoingia. Usiliandike kwenye tangazo, la sivyo nusu ya watu watakuja saa hiyo moja kwa moja.