MJADALA: Pepe ni beki bora wa Ureno au ni mhuni tu aliyevaa jezi?

Wakuu, salaam.

Jana kijiweni tulikuwa tunapanga mabeki bora wa kati wa miaka ishirini iliyopita. Nilipomtaja Pepe, kaka mmoja ninayemheshimu sana kwenye mambo ya soka akanikata: "Yule mtoe. Yule alikuja uwanjani kupigana." Wenzetu wakamuunga mkono, tukahamia jina lingine. Limenikaa kooni mpaka asubuhi, ndiyo maana nalileta hapa.

Naanza na baya lake, maana wanaomtetea huwa wanaliruka. Aprili 21, 2009, Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, wenyeji na Getafe wako 2-2, mpira unaelekea ukingoni. Pepe, beki wa Madrid, anamsukuma Casquero wa Getafe ndani ya boksi, mwamuzi anaonyesha penalti. Hapo ndipo akili inamruka. Casquero yuko chini, Pepe anampiga teke. Anarudia. Watu wanamshika, anawaponyoka, na Albín, mwenzake Casquero, naye anakula mkono wa uso. Nimeitazama video ile mara nyingi na kila mara tumbo linanikaza. Kipa Casillas aliidaka ile penalti na Madrid wakashinda 3-2, lakini nani anakumbuka matokeo? Pepe alifungiwa mechi 10. Aliomba radhi, ila ningekuwa mzazi wa Casquero nisingesahau, na simwombi yeyote asahau.

Ongezeni na Januari 2012 alipomkanyaga Messi mkono. Ongezeni Kombe la Dunia 2014, alipomwinamia Müller aliyekaa chini na kumgusa kwa kichwa, kadi nyekundu dakika ya 37, Ureno wakala 4 bila kwa Ujerumani. Kadi ya mguu wa juu kwa Dani Alves wa Barcelona, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2011, siiweki kapu moja na hizo. Ile ilikuwa ya kubishaniwa na mpaka leo inabishaniwa.

Sasa hoja yangu. Baada ya usiku ule wa Getafe, Pepe alicheza miaka 15 mingine, na watu wanaijadili kana kwamba haikuwepo.

Julai 10, 2016, fainali ya Euro, Paris, Ureno na Ufaransa. Niliitazama kwenye kibanda umiza, saa nne usiku, tumebanana kwenye mabenchi. Dakika ya 25 Ronaldo anatolewa kwa machela, na nusu ya watu wakaanza kuinuka kwenda kulala. Mimi nilibaki, na kuanzia hapo nilimwangalia mtu mmoja tu. Nusu fainali dhidi ya Wales hakuwa amecheza kwa sababu ya paja. Usiku ule Griezmann, Giroud, Sissoko, wote walikuja, na mipira iliyopigwa juu aliiondoa kwa kichwa mmoja baada ya mwingine. Gignac wa Ufaransa aligonga mwamba mwishoni mwa dakika 90, hiyo nakubali ilikuwa bahati. Éder akaifungia Ureno dakika ya 109. Filimbi ya mwisho ilipolia Pepe aliinama pale uwanjani akatapika, mwili umeisha kabisa. UEFA ndiye waliyempa uchezaji bora wa fainali. Dakika zote 120 hakuonyeshwa kadi nyekundu wala hakumgusa mtu kwa ubaya, dhidi ya wenyeji, nahodha wake akiwa amefungwa goti.

Halafu njooni kwenye uzee wake, ambako naona ndipo alipoujua mpira kweli. Pepe wa Madrid alitegemea mbio na kifua. Alikuwa anakosea nafasi halafu anakimbia kulirekebisha kosa. Aliporudi Porto, klabu ya Ureno, mwanzoni mwa 2019 akiwa na miaka 35, mbio zilishapungua, ikabidi awe anafika mapema kwa kusoma mchezo. Machi 2021 kule Turin, Porto walibaki kumi baada ya mshambuliaji wao Taremi kutolewa, na wakawatoa Juventus ya Ronaldo. Tafuteni mechi nzima muone pale kati palikuwaje. Qatar 2022 akafunga kwa kichwa dhidi ya Uswisi akiwa na miaka 39. Julai 2024, robo fainali ya Euro na Ufaransa, ana miaka 41, Marcus Thuram anachomoka na mpira, kijana wa miaka 26, na mzee anakwenda naye bega kwa bega mpaka anaizima hatari. Mechi ikaisha 0-0, wakatolewa kwa penalti. Alilia akiwa mikononi mwa Ronaldo, na mwezi uliofuata akatangaza kustaafu.

Wapo wanaosema hana haki ya kuitwa beki wa Ureno kwa kuwa alizaliwa Maceió, Brazili. Alifika kisiwani Madeira, Ureno, akiwa kijana, akakuzwa na klabu ya Marítimo, akachukua uraia 2007, akavaa jezi ya taifa mara 141. Kwangu hilo limeisha.

Anayenipa shida ni beki mwingine wa Ureno, Ricardo Carvalho. Mguu safi, kichwa baridi, Ligi ya Mabingwa ya 2004 na Porto, ubingwa wa ligi ya England mara tatu na Chelsea. Mngeniuliza mwaka 2015 ningemchagua Carvalho bila kusita. Fainali ile ya Paris na hii miaka mitano ya Porto ndizo zilizonigeuza, maana Carvalho alikuwa na utulivu tangu mwanzo, na huyu aliutafuta mbele ya macho yetu huku kila uwanja ukimzomea.

Kwa hiyo mnaosema atolewe kwenye orodha, nijibuni hili moja: fainali ya 2016, Ronaldo kishatoka, Wafaransa wanakuja, pale kati mngemweka nani?