Wanahesabu waranti mashine ikiwa mikononi mwao! Laptopu mbili, siku 94, na bado inachemka

Jamani, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mwezi wa nne nilinunua laptopu katika duka moja pale Luthuli Avenue, Nairobi. Ni zile zilizotumika ofisini Uingereza, zikaletwa huku kuuzwa tena. Shilingi 34,500, nikalipa kwa M-Pesa nikiwa nimesimama kaunta, nikapewa risiti yenye waranti ya miezi 3. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, nalipwa kwa dakika. Sichezi gemu, sihariri video. Ni kuandika tu, basi.

Wiki haijaisha ikaanza kuchemka. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga unga, na upande wa kushoto, karibu na tundu la kutolea hewa, kiganja hakikai. Nikaweka programu ya kupima joto: nyuzi 97, na hapo naandika tu. Prosesa (ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta) nyingi za Intel za laptopu kikomo chake ni nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi, na joto likizidi mashine inajizima isiungue. Ndiyo maana nilikuwa nagonga herufi inakuja baadaye, halafu ghafla skrini nyeusi. Kazi ya saa nzima imepotea, na mteja anapiga simu.

Nikairudisha. Kabla hata hajaiwasha, kijana wa kaunta ananiuliza: "Dada, unaiweka kitandani?" Kisha: "Kwani unapokaa kuna joto sana?" Nakaa Kahawa West! Mara ya tatu kuulizwa swali hilo ilikuwa Julai, na anayeniuliza amefunga zipu ya jaketi hadi kidevuni. Ni kweli ukiiweka laptopu juu ya blanketi matundu ya chini yanaziba. Yangu inakaa juu ya meza ya mbao, na nyuma nimeiinua kwa vifuniko viwili vya soda ili hewa ipite. Nimewaeleza hivyo mara tatu, na mara tatu wamekagua tabia zangu badala ya kukagua mashine.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye uchungu. Mara ya kwanza walikaa nayo siku 9. Ikarudi vilevile. Mara ya pili siku 16, na hapo wakanibadilishia, wakanipa nyingine ya aina ileile. Nilishukuru, kwa kweli nilidhani yameisha. Ya pili nayo ikachemka siku ya tatu. Nikairudisha, ikakaa siku 12. Jumlisha: siku 37 mashine iko kwenye rafu yao, mimi nalipia kompyuta kwenye saiba.

Nilipokwenda mara ya mwisho ilikuwa siku ya 94 tangu ninunue. Msimamizi akachukua risiti, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda, akasema waranti imekwisha. Nikamwuliza, na zile siku 37 mlizokaa nayo nyinyi? Kimya. Na hii ya pili mliyonipa juzijuzi, waranti yake inaanza lini? Akaipindua, akasoma nambari iliyobandikwa chini, akalinganisha na risiti, akaniambia: "Hii siyo mashine iliyoandikwa hapa."

Yaani waliponibadilishia hawakuandika risiti mpya, na mimi kwa furaha sikuuliza. Leo kosa lao la kutoandika ndilo wanalonifungia nalo mlango! Akamalizia kwa kunionyesha maandishi madogo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kuna na stika. Kila mashine yao ina stika juu ya skrubu. Ukiigusa, waranti imekufa. Kwa hiyo miezi 3 yote sikuthubutu kuipeleka kwa fundi mwingine. Waliponifukuza nikaenda kwa fundi mmoja karibu na Tom Mboya, nikarekodi kwa simu tangu stika ikiwa nzima. Alipotoa feni, vumbi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi la kijivu, limeziba njia yote ya hewa. Ile dawa inayopakwa juu ya prosesa kuhamisha joto ilikuwa imekauka kama chaki, ikipukutika kwa ukucha. Na skrubu moja kati ya nne zinazobana kipozea joto haikuwepo. Vumbi la namna hiyo halijengeki kwa wiki chache mezani kwangu. Hawakuwahi kuifungua. Siku 12 zile walifanya nini?

Sitaki mashine ya tatu. Nataka 34,500 zangu. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Mstari mdogo chini ya risiti haufuti Katiba. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nina ujumbe wa M-Pesa, nina video, na nina jumbe za WhatsApp wakinijulisha kila mara nije kuchukua mashine, tarehe zote zimo.

Jumatatu napeleka barua ya madai dukani, nawapa siku 7. Wasipojibu naenda mahakamani Milimani. Kama kuna aliyewahi kubadilishiwa mashine bila risiti mpya na bado akarudishiwa pesa zake, naomba aniambie alithibitisha vipi kwamba mashine ya pili ilitoka kwao. Na wewe unayekwenda kubadilishiwa wiki hii, usitoke pale kaunta kabla nambari ya mashine mpya na tarehe ya siku hiyo hazijaandikwa na kupigwa muhuri.