Mshenga ameuliza kama ukoo wetu una kifafa. Nimjibu nini?

Fundi_Boti_Ujiji

Salaam wakuu. Mimi ni fundi wa boti hapa Ujiji. Ukiniuliza habari za mbao, misumari au kalafati nitakujibu hata usingizini. Hili limenizidi.

Binti yangu wa kwanza ameletewa posa. Kijana tunamfahamu, ni mwalimu, kwao Kasulu. Barua tumeipokea, mahari tumeanza kuyazungumza, kumbe wazee wao huko nyuma wanachunguza. Juzi mshenga akarudi peke yake, akakaa kwenye benchi ya karakana, akazunguka weee na habari za mvua na bei ya dagaa, mwisho akalitoa: "Mzee mwenzangu, tumesikia kwenu kuna ugonjwa wa kuanguka. Wazee wanataka kujua kama uko kwenye damu." Nikamwomba anipe muda.

Ukweli ni kwamba wako watatu. Wa kwanza ni mjomba wangu, marehemu sasa, aliyekuwa utingo wa lori la chumvi ya Uvinza. Lori lilipinduka, akapasuka kichwa, na baada ya hapo ndipo akaanza kuanguka. Wa pili ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa mzima kabisa mpaka malaria ilipompanda kichwani akiwa na miaka minne. Alilala hospitali hajitambui, alipozinduka upande wa kulia ulikuwa mzito, kisha kifafa kikafuata. Hadi leo kikimshika huanza mkono wa kulia kutikisika peke yake, ndipo mwili wote. Hakuna anayempakia mtumbwini, basi anashona nyavu nchi kavu, na kwa kazi hiyo hapa mwaloni hana mpinzani. Wa tatu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko kidato cha nne. Alianguka mara ya kwanza asubuhi, kipindi cha mitihani. Hakuwa na homa, hakuwahi kuumia kichwa.

Na binti yangu mwenyewe alipata degedege akiwa mtoto wa mwaka na kitu, mara moja tu, homa ikiwa kali. Mama yake amenikataza kulisema hilo popote, kwa hiyo nalisema hapa.

Kifafa hurithiwa au hakirithiwi? Na mshenga nimwambie nini?

Mtoto_wa_Gungu

Mzee, mwambie hakuna kitu. Kila ukoo una lake, wao mbona hawajakwambia la kwao? Ukianza kuhesabu wagonjwa mbele ya mshenga, binti atazeekea kwako.

Nesi_Mstaafu_Tabora

Ndugu yangu fundi, huyo kijana wa juu usimfuate. Uongo wa kwenye posa hugundulika kwenye msiba wa kwanza, ukoo mzima ukiwa umekaa jamvi moja.

Mimi nimefanya kazi miaka mingi kliniki ya afya ya akili, ambako kwa mikoa yetu hii wagonjwa wa kifafa ndiko wanakochukulia dawa. Swali la wakwe zako nimelisikia mpaka nimelizoea, na kosa lake ni moja: wanahesabu vichwa. Wameona watatu, wakasema damu. Lakini hao watatu wako hawaumwi kitu kimoja.

Mjomba wako alipata kovu kwenye ubongo kwa ajali. Hilo haliendi kwa mtoto wala kwa mpwa. Mdogo wako vivyo hivyo: malaria ya ubongo ni miongoni mwa vitu vinavyoacha kifafa kwa watoto, sawa na homa ya uti wa mgongo, au mtoto kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa. Ule mkono wa kulia unaoanza ni alama kwamba umeme unaanzia sehemu moja ya ubongo, upande wa kushoto, palipoumia. Hao wawili waondoe kwenye hesabu ya damu.

Tena hata watu wengi kuugua ndani ya ukoo mmoja si ushahidi wa kurithi. Mahenge, wilaya ya Ulanga kule Morogoro, kifafa kilikuwa kinapita nyumba kwa nyumba, na daktari mmoja, Louise Jilek-Aall, aliwafungulia kliniki tangu miaka ya 1960. Watu walisema laana, wengine wakasema ukoo. Siku hizi wataalamu wanakihusisha na ugonjwa wa usubi, ule unaoenezwa na inzi weusi wa kwenye mito yenye maji ya kasi. Ndugu huishi kando ya mto mmoja, wakaumwa na inzi walewale. Na palipo na nguruwe wa kuzurura na vyoo vibovu, mayai ya tegu huingia tumboni na chakula au maji machafu, na viluwiluwi wake huweza kufika ubongoni. Nyumba ikiangusha wawili, majirani husema wamerithi.

Degedege la binti yako lisikunyime usingizi. Watoto wengi wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano hulipata homa ikipanda, na walio wengi hawapati kifafa ukubwani. Ningeuliza zaidi kama lingemrudia bila homa, au kama angeendelea kushikwa kila akipata homa hata baada ya kuanza shule. Ziko familia za namna hiyo, na huko jeni, yaani vile vipande vya urithi vilivyomo mwilini, inahusika kweli.

Anayenifikirisha ni mpwa wako. Mwulize dada: huyo mtoto asubuhi akiamka mikono haimshtuki? Haangushi vitu?

Fundi_Boti_Ujiji

Mama, nimempigia dada sasa hivi na nywele zimenisimama. Vikombe! Nyumba nzima inamjua kwa kuvunja vikombe vya chai ya asubuhi, wanamgombeza kila siku kwamba ana mikono ya uvivu. Jioni anaosha vyombo vyote hakidondoki hata kijiko. Dada akanyamaza kidogo, akasema hata yeye usichanani alikuwa hivyohivyo, mswaki ulikuwa unamruka mkononi. Ila hakuwahi kuanguka.

Mwl_Baiolojia_Kibondo

Hapo ndipo jeni zinapoingia, mzee. Mishtuko ya mikono asubuhi, kuanza kwenye ujana, kuanguka baada ya kukesha na vitabu: inafanana sana na kifafa cha mishtuko cha vijana. Atakayethibitisha ni daktari, lakini kundi hilo la vifafa vinavyoanza ubongo mzima kwa pamoja, bila kovu wala ugonjwa uliotangulia, ndilo lenye urithi mkubwa kuliko mengine ya kawaida.

Msiwaze sikoseli, maana wanafunzi wangu wote hukimbilia huko. Sikoseli ni jeni moja: ukijua ya baba na ya mama, unapiga hesabu ya mtoto. Hapa ni jeni nyingi ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo sana. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa kimataifa uliolinganisha vinasaba vya wagonjwa 29,944 na watu 52,538 wasio na kifafa. Walipata sehemu 26 kwenye vinasaba zinazohusiana nacho, na 19 kati ya hizo ni za hilo kundi la mpwa wako peke yake. Kwa vifafa vinavyoanzia sehemu moja hawakuambulia mengi. Nyingi ya jeni hizo zinahusu namna seli za ubongo zinavyopitisha umeme na kupeana ujumbe. Waliopimwa wengi ni wenye asili ya Ulaya, jambo ambalo mimi binafsi linanikera, maana Afrika ndiko kwenye vinasaba vya aina nyingi kuliko kwingine kote.

Vipo pia vifafa vya jeni moja, ila ni vichache. Jeni ya kwanza ilipatikana mwaka 1995, inaitwa CHRNA4, kwa familia moja ya Australia ambayo watu wake walikuwa wakishikwa usingizini. Huku kwetu wangepelekwa kwa mganga kutolewa jinamizi. Na kuna ugonjwa wa Dravet, mkali, unaoanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, mara nyingi kwa degedege refu lisilokatika. Wengi wao wana hitilafu kwenye jeni SCN1A, lakini ukiwapima wazazi, mara nyingi huikuti. Imeanzia kwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa cha jeni na bado kisiwe cha ukoo. Waambie wazee wa Kasulu hilo, walale nalo.

Namba za mshenga hizi hapa. Huko Rochester, Minnesota, Marekani, walifuatilia wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa wagonjwa. Hadi kufikia miaka 40, waliopata kifafa walikuwa kama 4.7 katika kila 100. Kwa watu wote wa pale ilikuwa 1.3. Wale ambao mgonjwa wao alikipata kwa jeraha au maradhi ya ubongo baada ya kuzaliwa, hatari yao haikuzidi ya jirani. Na binti yako kwa mpwa wako ni binamu, si dada. Huko hatari inakaribia ya mtu yeyote anayepita barabarani.

Mama_Wawili_Nzega

Niruhusuni na mimi, maana nyote mnaongea habari zangu. Nina hicho kifafa cha asubuhi tangu shule. Nilimwambia mume wangu mwenyewe kabla ya posa, tukiwa stendi tunasubiri basi, nikasema bora anikimbie nikiwa na nauli ya kurudi. Hakukimbia. Mawifi ndio walinitesa, sahani yangu waliitenga miaka, wakiamini povu linaambukiza. Haliambukizi, wala ukimshika mtu aliyeanguka hupati kitu.

Watoto wangu wawili wako shule, hawajawahi kuanguka. Ila huyo binti wa kidato cha nne mwambieni mapema jambo nililoambiwa mimi kabla sijashika mimba: dawa iitwayo valproeti inatuliza vizuri aina hii, lakini huweza kumdhuru mtoto tumboni, kumlemaza na kumpunguzia akili. Daktari alinibadilishia dawa kwanza, akanianzishia vitamini ya foliki asidi. Wakwe huuliza damu ya ukoo, hakuna anayeuliza vidonge.

Fundi_Boti_Ujiji

Mwanangu wa Nzega, Mungu akuzidishie. Huyo mumeo ana bahati.

Basi nitamwambia mshenga hivi: mmoja ni ajali, mmoja ni malaria, mmoja ni kifafa cha ujana ambacho kina urithi kiasi, na bibi harusi ni binamu yake. Degedege nitalisema pia, mama yake nitamalizana naye. Wakitaka waje na daktari wao. Wasipotaka, boti haijajengwa kwa mbao moja.

Nesi_Mstaafu_Tabora

Sawasawa. Sasa habari ya harusi iwekeni kando kidogo. Mpwa wako anameza dawa gani? Kama ni kabamazepini, dada yako arudi kliniki aseme wazi habari ya vikombe, kwa sababu dawa hiyo inamfaa mtu wa aina ya mdogo wako, lakini kwa aina hii huweza kuzidisha ile mishtuko. Asiiache mwenyewe ghafla, hilo ni hatari kuliko kuendelea nayo. Mishtuko ikimjia, wamrekodi kwa simu, daktari aione kwa macho yake. Dada naye aeleze habari ya mswaki, wasione haya.

Na posa ikikubaliwa, huyo mpwa wako msimkeshe. Najua harusi za Ujiji, wasichana hukata vitunguu mpaka alfajiri. Yeye saa nne usiku awe kitandani, mtafute mwingine wa jikoni.