Mjadala: Jiji linalokua lijenge barabara kuu mpya ili kuondoa foleni?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, ingawa najua ni gumu kwa mtu aliyetoka kukaa saa mbili kwenye foleni.

Kila jiji linalokua hufika siku ambayo watu wamechoka. Anasimama kiongozi na mchoro wake: barabara ya njia nane katikati ya mji, madaraja ya juu kila makutano, na ahadi kwamba safari ya saa nzima itakuwa ya dakika kumi na tano. Watu wanapiga makofi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tusijenge barabara kuu mpya kwa lengo la kuondoa foleni ya magari madogo, kwa sababu foleni hiyo itarudi, tena na magari mengi kuliko yaliyokuwepo.

Tazameni Houston, Texas. Barabara ya Katy Freeway ilipanuliwa na kazi ikakamilika mwaka 2008, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2.8. Sehemu yake pana kabisa inafikia njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Njia ishirini na sita! Kati ya 2011 na 2014, muda wa safari kwenye barabara hiyohiyo uliongezeka kwa karibu asilimia 30 asubuhi na asilimia 55 jioni. Ardhi walikuwa nayo, pesa walikuwa nazo, wahandisi hodari walikuwa nao. Kama lami ingeweza kumaliza foleni, ingeimaliza pale.

Sababu yake haina uchawi. Barabara ikiwa na foleni, wapo watu wengi wanaoikwepa na hatuwaoni. Huyu anatoka nyumbani alfajiri kabla ya wenzake, yule anapanda treni, mwingine anapita vichochoroni, mwingine safari yenyewe ameiacha. Siku utepe unapokatwa, wote wanarudi barabarani saa moja asubuhi. Huo ni mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo wanaingia wauza viwanja. Shamba lililokuwa mbali kilomita 30 linaitwa "dakika ishirini kutoka mjini", watu wananunua kwa hesabu ya barabara tupu, wanajenga, wananunua gari la kwanza, halafu la pili. Miaka mitano haipiti, foleni imerudi. Mchumi Anthony Downs aliyaeleza haya tangu 1962. Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner wakayapima kwa takwimu za miji ya Marekani na kukuta kwamba umbali unaoendeshwa na magari huongezeka karibu kwa kiwango kilekile ambacho barabara kuu zimeongezwa. Ongeza njia kwa asilimia kumi, na kilomita zinazoendeshwa zitaongezeka kwa asilimia kama kumi.

Haya, nawasikiliza.

Dereva wa lori

Ndugu mleta mada, heshima yako, ila umeandika kana kwamba barabarani kuna magari madogo peke yake. Mimi nabeba mizigo kutoka bandarini kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Kila safari lazima nikatize katikati ya mji, kwa sababu njia nyingine haipo. Napita na kontena la tani nyingi mbele ya shule, mbele ya soko, mbele ya hospitali, na sipendi. Breki za lori si za baiskeli. Mtoto akichomoka ghafla mbele yangu, mimi ndiye nitakayelala na picha hiyo maisha yangu yote.

Halafu Houston ilikuwa na barabara nyingi kabla ya kuongeza. Mji wenye njia mbili tu za kuingilia, na watu wanaoongezeka kila mwaka, unaulinganishaje na huo? Aliyevaa shati linalombana shingoni hapewi ushauri wa aliyevaa joho.

Muuguzi

Naunga mkono hoja ya dereva. Gari la wagonjwa likinaswa kwenye foleni, king'ora hakisaidii kitu, maana hakuna upenyo wa kulipitisha. Nimewahi kuhesabu dakika nikiwa nyuma na mgonjwa. Barabara zijengwe.

Mama mkazi

Wanangu, nawasoma. Barabara kuu ilipita mtaani kwetu nikiwa msichana. Baba alilipwa fidia ya nyumba, na nyumba kweli ilipata thamani yake. Hakuna aliyemlipa wateja waliomzoea kwa miaka ishirini. Hakuna aliyetulipa majirani. Mama yangu mdogo alibaki upande wa pili, na kwenda kumjulia hali kulikuwa hatua mia moja. Baada ya barabara ikawa ni kutembea hadi kwenye daraja la waenda kwa miguu, kupanda ngazi, kushuka ngazi. Alipozeeka magoti yakakataa, tukawa tunaonana kwenye misiba. Wanaopita juu kwa kasi hawajui kwamba chini kulikuwa na mtaa.

Mwanafunzi wa uchumi

Mleta mada, umeutaja utafiti wa Duranton na Turner lakini umeuchukua nusu. Utafiti huohuo haukukuta kwamba kuongeza usafiri wa umma kunapunguza umbali unaoendeshwa na magari. Kwa hiyo ukisema tuache barabara tujenge reli na mabasi ili foleni iishe, ushahidi wako mwenyewe unakukataa. Abiria akihamia kwenye basi, nafasi aliyoiacha barabarani inachukuliwa na mwenye gari mwingine.

Jambo la pili. Hizo safari "zilizorudi" si takataka. Ni mtu aliyepata kazi upande wa pili wa mji, ni mgonjwa aliyeweza kufika kwa daktari bingwa. Barabara ikijaa tena, maana yake inatumika. Kwa nini tuihesabu kama hasara?

Mleta mada

Nianze na Mama. Shikamoo. Ulichokisema nilipaswa kukiweka kwenye mada mimi mwenyewe. Marekani ilipopitisha sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo mwaka 1956, serikali kuu ilibeba asilimia 90 ya gharama, na miji ikazipitisha pale ardhi ilipokuwa rahisi na wenyewe hawana wa kuwasemea. Overtown kule Miami, Black Bottom kule Detroit, Rondo kule St. Paul: mitaa ya watu weusi, yenye maduka na makanisa yao, ikakatwa vipande au kufutwa. Kule Detroit ulishatangazwa mpango wa kuiondoa barabara ya I-375 iliyojengwa juu ya mabaki ya Black Bottom. Watu hawawezi kurudishwa kwa kuondoa zege.

Ndugu dereva, kwako nakubali nusu, na ninakubali kwa moyo. Malori yasikatize mjini. Barabara ya mzunguko inayoyatoa bandarini na kuyapeleka nje ya mji, hiyo mimi naiunga mkono. Lakini sikiliza yaliyotokea London. M25, barabara ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 188, ilikamilika mwaka 1986. Iliwekewa makutano mengi, na haikuchukua muda watu wakaanza kuitumia kwa safari zao za kila siku za kazini, ikajaa, ikaanza kupanuliwa. Mwaka 1994 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza yenyewe ikakiri kwamba barabara mpya zinaweza kuzaa magari mapya. Kwa hiyo barabara yako nikupe, ila iwe na maingilio machache, na ardhi iliyo kando yake isigeuzwe viwanja. Usipoweka masharti hayo, miaka sita baadaye utakuwa umesimama na lori lako katikati ya magari ya watu wanaorudi nyumbani.

Dada muuguzi, kinachokuokoa wewe ni njia iliyo tupu. Njia pana inayojaa haikusaidii. Njia ya mabasi pekee ndiyo gari la wagonjwa linaweza kuipita saa yoyote. Hapo hesabu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Njia moja ya barabara kuu inapitisha magari kama 2,000 kwa saa, na mengi yana mtu mmoja. TransMilenio, mfumo wa mabasi wa jiji la Bogotá, Colombia, ulioanza mwaka 2000, umepitisha zaidi ya abiria 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kwa mabasi yenye njia zake na nafasi ya kupishana kwenye vituo. Ni lami ileile, ila imegawiwa kwa namna nyingine.

Sasa kwako mwanafunzi. Umenishika pazuri, na sitakwepa. Ni kweli, mabasi peke yake hayaondoi foleni. Kazi yake ni kumpa mtu uwezo wa kufika bila kujali foleni, na hilo kwangu linatosha kuyajenga. Anayeondoa foleni ni mmoja tu: tozo ya kuingia katikati ya mji saa za msongamano. Singapore ilianza mwaka 1975. Stockholm ilifanya majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa karibu asilimia 20. Kabla ya majaribio wengi walikuwa wanapinga. Septemba mwaka huohuo wananchi wa jiji wakapiga kura, na wengi wakasema ndiyo. Walikuwa wameshaonja.

Na safari mpya sisemi ni takataka. Ila barabara ya bure haichagui safari ya kwenda kwa daktari na kuiacha ile inayoweza kusubiri hadi saa nne. Zote zinaingizwa pamoja, na anayefikishwa mwishoni ni yule mwenye haraka ya kweli.

Seoul iliwahi kuwa na barabara ya juu iliyobeba magari zaidi ya laki moja kwa siku, imejengwa juu ya kijito cha Cheonggyecheon. Waliibomoa kuanzia 2003, wakafufua kijito kufikia 2005, na katikati hapo wakapanga upya mabasi na kuyapa njia zake. Mji haukukwama. Wale wanaotuambia kwamba bila barabara ya juu jiji litasimama, waangalie pale.

Mwanafunzi wa uchumi

Tozo nakubali. Lakini ianze baada ya mabasi kuwepo, vinginevyo unamtoza fundi na mfanyakazi wa usafi, huku bosi akilipa bila kujali.

Mleta mada

Sahihi, na Stockholm waliongeza mabasi kabla hawajaanza kutoza. Nitaongeza jambo moja ambalo halizungumzwi. Mji unaokua haukosi barabara kuu kama unavyokosa barabara ndogo za mitaani zinazoungana. Shirika la UN-Habitat linapendekeza walau asilimia 30 ya ardhi ya mtaa mpya itengwe kwa ajili ya barabara. Mitaa mingi mipya inaota bila hata nusu ya hiyo, kila mtaa una mdomo mmoja, na kila mtu analazimika kutokea barabara kuu hata kama anakwenda mtaa wa jirani.

Dereva wa lori

Masharti yako nayakubali. Ila msinisubirishe miaka kumi kwa mikutano. Wale watoto wa shule wako pale leo.

Mama mkazi

Na mimi nina swali moja. Hiyo barabara ya malori itapita kwa nani?

Mleta mada

Mama, ndiyo maana njia yake ichorwe sasa, wakati bado ni mashamba, mipaka itangazwe hadharani, na wenye mashamba walipwe kabla ya tingatinga la kwanza kufika. Tukisubiri mji ufike huko ndipo tuchore, itapita kwa mtu kama baba yako.