Naomba ushauri: nibebe nini kwenda nyika za Mongolia mwezi wa kumi?

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma Beijing. Likizo ya Oktoba tunaenda Mongolia wanne, kutoka Ulaanbaatar kushuka hadi jangwa la Gobi kwa yale magari ya Kirusi ya UAZ. Huko barabara ni alama za matairi tu kwenye majani, na kulala ni kwenye ger, mahema yao ya duara yenye jiko katikati.

Mimi mtoto wa Tanga. Kabla ya kuja huku, baridi yangu kubwa ilikuwa Lushoto mwezi wa saba! Sasa naambiwa mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda kwenye chupa. Jiko lenyewe huwashwa kwa samadi kavu. Likizimika saa tisa usiku, kila mtu na blanketi lake.

Nina begi moja la lita 50. Jaketi la manyoya ya bata peke yake limeshakula nusu, hata nikilikalia halishuki. Je, begi la kulalia linunuliwe la kuhimili baridi ya nyuzi joto sifuri, au niende hadi hasi 15? Soksi za sufu jozi tatu zinatosha? Na simu, maana baridi inamaliza chaji haraka: nilale nayo ndani ya nguo?

Chakula sina wasiwasi, hata ile chai yao ya maziwa yenye chumvi nitakunywa. Ninachoogopa ni vidole vya miguu. Aliyewahi kufika anisaidie, tunaondoka wiki ijayo.