Wazazi wa Malindi na Lamu wenye watoto wa OT (tiba ya kumfundisha mtu shughuli za kila siku, kama kula na kuvaa), mmeridhika? Tupeane uzoefu

MamaPacha, Maweni
Leo kliniki kuna mama ametoka chumba cha OT analia, nikakumbuka yangu. Kulwa wangu ana mtindio wa ubongo. Siulizi kama watoto wamepona, nauliza mnavyohudumiwa. Mmeridhika?

Nahodha
Mimi nimeridhika sana. Dada wa OT alinikalisha mkekani, mtoto mapajani, akanionyesha kulisha: mgongo wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kije kwa mbele, si kwa juu. Tangu hapo hapaliwi tena. Kabla ya hapo kila mlo ulikuwa vita.

BintiMambrui
Yangu sawa na Nahodha. Ukipata anayeeleza, umepata.

Bi Amu
Nyinyi wa Malindi mshukuruni Mungu. Mwaka ule mtu wa OT wa huku kwetu Lamu alikuwa likizo, hakuna wa kushika zamu, nikaandikiwa barua nende bara. Tumetoka Amu alfajiri, maji yamekupwa, tumeshuka Mokowe nimemfunga kwa leso mgongoni. Basi mpaka Witu, Garsen, vizuizi vya polisi kila mahali, na mwanangu akishtuka anakakamaa mwili mzima. Tumelala kwa jamaa, asubuhi foleni. Zamu yetu ilipofika, kijana hakuniangalia usoni. Kamvuta miguu, mtoto anapiga ukelele hadi anakauka sauti, yeye yuko na simu. Kisha kasema mlango wazi, korido nzima inasikia: "Huyu hatatembea mama, usijichoshe." Kaandika kitabu, kaita mwingine. Wallahi sikwenda kuuliza kutembea. Idi ilikuwa karibu, nilitaka nionyeshwe kumvika kanzu bila kumuumiza ule mkono uliokunjika. Sikupata hata nafasi ya kulisema.

MamaPacha
Subhanallah. Pole sana dada yangu.

Kaka Barani
Ndiyo maana nasema hospitali za serikali mziache, nendeni praiveti.

Nahodha
Praiveti unalipa kila kikao, ndugu. Kusi ikivuma hatuendi baharini kuvua, nitalipa na nini? Usizungumze kama kila mtu ana mshahara.

Kaka Barani
Mtoto ni wako, tafuta.

Mstaafu wa wodi
Kaka, taratibu, humjui mwenzio anavyohangaika. Nimefanya uuguzi hadi kustaafu. Mtu mmoja wa OT anahudumia wazee waliopooza, walioungua na watoto wote hao. Lakini kumwambia mama maneno yale mbele za watu hakuna uhaba unaokuhalalisha. Bi Amu, kanzu hivi: mkono mzito uingie kwanza, ule mzima ufuate. Kuvua, mzima utoke kwanza, mzito mwisho. Anza kumkunja magoti akae, mwili utalegea, ndipo umvike.

Bi Amu
Mama, hili ndilo nililolifuata bara. Allah akulipe.

Mzee Gede
Mkandeni kwa mafuta ya nazi ya moto, bibi zetu hawakujua OT na watoto walikua. Akilia mwache alie, ndiyo dawa yenyewe.

Mstaafu wa wodi
Shikamoo mzee. Kukanda polepole ni kuzuri, kunalegeza. Ila hakumfundishi kushika kijiko, na kiungo kilichokaza hakivutwi kwa nguvu. Akilia, simamisha. Mwili ukiogopa unazidi kukaza.

BintiMambrui
Wangu mkono mmoja dhaifu. Nilielekezwa nimvalishe soksi ule mzima wakati wa kucheza kidogo, ili mwingine ulazimike kufanya kazi. Anaokota kunde mwenyewe sasa!

Kaka Barani
Wangu kwa soksi alijipiga kichwa sakafuni. Msijaribu bila kuulizia.

MamaPacha
Na wenye watoto wa umri wa shule, wapelekeni EARC, vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu, wakapimwe. Vituo hivyo vipo tangu 1984, wengi hatuambiwi. Kadi ya ulemavu nayo mfuatilie mapema. Nahodha, kile kiti cha kona cha kumkalishia mtoto ulichoweka picha umekipata wapi?

Nahodha
Tumekitengeneza na dada wa OT. Maboksi ya dukani tabaka juu ya tabaka, gundi ya unga iliyopikwa, unaanika juani mpaka kikauke kabisa. Alimpima mtoto kwanza, magoti mpaka kisigino, ndipo tukakata.

Bi Amu
Kwa unyevu wa huku kitadumu?

Nahodha
Paka vanishi mpaka chini ya miguu ya kiti, na usimkogeshee hapo.