Gobore la kisasa kaliba .50: greini 80, 100 au 150? Na baruti ipi?

Muulizaji, Chumbageni
Salaam wadau. Gobore lina kibali, kaliba .50 (tundu la mtutu nusu inchi), mtutu inchi 26, kilo 3.4, fataki ya 209 (kile kiwashio kidogo cha baruti). Kitabu chake kinaruhusu hadi greini 150 (greini 15 ni kama gramu moja) za baruti nyeusi au Pyrodex, ambayo ni mbadala wake, kwa ujazo, yaani kwa kikombe cha kupimia, si mizani. Risasi ni greini 250 kwenye ganda la plastiki. Hizo 150 zina faida, au ni kuumiza bega?

Fundi Mitutu, Pangani
Ni bega tu, mkuu. 150 ni ukomo wa usalama, usiugeuze kuwa kipimo cha kila siku. Baruti nayo ina uzito: greini 150 za baruti nyeusi ni gramu 9.7, na risasi yako ni gramu 16.2. Gesi na masizi vikitoka kwa kasi vinalisukuma gobore nyuma sawa na risasi. Ukitoka 90 kwenda 150, teke linakaribia kuwa mara mbili, ilhali kasi ya risasi inapanda kama sehemu moja ya tano tu, maana sehemu ya baruti inawakia nje ya mtutu.

Anza na 80. Piga tatu, pangusa mtutu, ongeza 5. Matundu kwenye shabaha yakianza kutawanyika, rudi kipimo cha nyuma ukae hapo. Mara nyingi ni kati ya 80 na 100. Teke likizidi bado, punguza uzito wa risasi au weka mpira kwenye kitako.

Mtunza Silaha, Bagamoyo
Hapo sawa. Ila kwa chumvi ya pwani yetu, aina ya baruti ni muhimu kuliko hizo greini. Nyeusi inawaka upesi kuliko zote, lakini masizi yake yanavuta unyevu. Mtutu usiooshwa siku hiyohiyo unaota kutu. Pyrodex haina nafuu kwa kutu. Blackhorn 209, mbadala mwingine, haivuti unyevu na masizi yake ni machache, ila inataka fataki kali ya 209 na kizibo cha nyuma kinachoifaa.

Muulizaji, Chumbageni
Na ile baruti mbadala ya Triple Seven? Kipimo ni kilekile?

Mtunza Silaha, Bagamoyo
Hapana, ndugu yangu. Ina nguvu zaidi kwa ujazo uleule, punguza 15%: penye 100 za nyeusi weka 85. Inaacha pete ngumu ya masizi karibu na baruti, risasi ya pili inagoma kushuka. Pangusa kila baada ya mlio.
Blackhorn ina mtego mwingine: 100 kwa ujazo ni 70 kwa mizani. Ukipima 100 kwenye mizani umevuka mwisho wake, ambao ni 120 kwa ujazo.

Fundi Mitutu, Pangani
Mizani waachie Blackhorn, hizo nyingine tumia kipimo cha ujazo. Usimimine kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Kaa la moto likibaki ndani ya mtutu, chupa nzima inalipuka mkononi. Weka alama mbili kwenye mdeki (fimbo ya kushindilia), usawa wa mdomo wa mtutu: mtutu mtupu, na mtutu wenye shehena yako. Alama ya shehena ikibaki juu ya mdomo wa mtutu, ama umeshindilia mara mbili ama risasi haijakaa juu ya baruti. Nafasi kati ya risasi na baruti ndiyo inayovimbisha mtutu au kuupasua.

Mwanachama, Handeni
Jamani, vipimo hivi visipelekwe kwenye gobore la kufuliwa kijijini. Chuma chake hakijajaribiwa. Na baruti ya risasi za kisasa, ile isiyo na moshi, isiingie humu hata kidogo. Fataki ikilia bila mlipuko, shikilia mdomo wa mtutu kwenye shabaha dakika mbili kabla ya kugusa chochote.